Sauti Yangu Ilirudi Redioni Bila Mimi

Nilikuwa saluni, kichwa kimejaa rola, ndipo nikasikia sauti yangu redioni.

Sauti hiyo mimi sina.

Nielewe vizuri. Wimbo niliujua, niliuandika mwenyewe, neno kwa neno. Tena nilikuwa nimetoka kuuimba studio juzi tu. Lakini ile sauti iliyokuwa inatoka kwenye redio ya msusi, nyembamba, ya juu, safi kama glasi iliyooshwa, ilishanitoka zamani. Daktari mwenyewe aliniambia nisikae kuisubiri.

Sasa inaimbaje?

Msusi akaacha kichwa cha mteja wake, akakimbilia redio, akaifungulia mpaka mwisho.

"Wee! Chiriku amerudi!"

Chiriku ni mimi. Mashabiki walinibandika jina hilo tangu albamu ya kwanza kwa ajili ya zile noti za juu. Saluni nzima ikanigeukia. Kulikuwa na dada mmoja ana dawa kichwani, anatakiwa aoshwe haraka kabla haijamchoma, naye kasahau kabisa, anapiga makofi.

"Kumbe ulikuwa unatuzuga!" akaniambia. "Sisi tumeambiwa sauti imekufa!"

Nikacheka. Kicheko cha uongo kabisa. Mtangazaji akaingilia kati, anahema kama katoka mbioni: "Wapenzi wasikilizaji, Chiriku yuleyule mliyemzoea! Uzinduzi wa albamu ni Jumamosi hii mchana, na sisi tutakuwa hapo mubashara!"

Yuleyule mliyemzoea.

Nikang'oa rola, nikajifunga kitambaa kichwani na nywele mbichi, nikatoka. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nimeibiwa. Na mwizi nilimjua, ofisi yake naijua, hata mlinzi wake wa getini namjua.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini nilikuwa tayari kung'oa mtu macho.

Sisi ni bendi ndogo ya kujitegemea. Watu wanne tu. Mimi naimba. Gitaa ni la jamaa tunayemwita Ngongoti, mrefu kiasi kwamba kila mlango anaupigia magoti. Ngoma ni za Seremala, na huyu ni seremala wa kweli, anatengeneza vitanda na makabati. Studio yetu ni chumba cha nyuma ya karakana yake, na yeye ndiye anayerekodi na kuchanganya nyimbo kwenye kompyuta. Mashine ya randa ikiwashwa huko mbele, sisi huku nyuma tunasimamisha kazi na kutazamana.

Wa nne ni mdogo wangu. Tumefuatana, tumbo moja, chumba kimoja, mpaka nguo tulikuwa tunapokezana. Anapiga kinanda na kuitikia. Kwenye magazeti wanaandika: Chiriku, Ngongoti, Seremala na yule mwingine. Nilikuwa nacheka nikisoma. Yeye naye alikuwa anacheka.

Albamu mbili tulitoa, zote tamu, zote laini, za kupendana na kuachana. Gitaa linadondoka taratibu, mimi juu kabisa napeperuka. Watu wakazifanya za harusi. Mtu akiachwa, analilia nyimbo zetu. Akipata mwingine, anamposa kwa nyimbo zetu hizohizo.

Kisha nikaota rovu shingoni.

Daktari alinieleza kabla ya upasuaji, hakunificha. Uvimbe umekaa pabaya, unabana njia ya hewa, lazima utoke, na kamba za sauti ziko jirani. "Utapumua," akasema. "Kuimba siwezi kukuahidi."

Nilipozinduka na kuruhusiwa kuongea, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mjomba wangu.

Sitanii. Nzito, ya chini, ina mkwaruzo. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu, akageuka kuangalia mlangoni nani kaingia.

Nililia sana kipindi kile, siwezi kudanganya. Nilikuwa naweka albamu zetu za zamani, najaribu kuzifuata, nakatika njiani. Redio ikipiga wimbo wangu nazima. Nilimchukia yule mwanamke anayeimba mle ndani. Nilimwona anajidai.

Kilichoniokoa ni mbao.

Siku moja nimekaa karakana, Seremala anapiga msasa ubao mkubwa wa meza. Ule msasa una mdundo wake. Nikaanza kuufuata bila kufikiri, navuma chini chini, kooni kabisa. Seremala akasimama. Akagonga ule ubao kwa ngumi mara moja.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akagonga tena, akatafuta sehemu nyingine ya ubao, akagonga. Vumbi limemjaa usoni, macho yamemtoka.

"Hii si sauti mbovu," akasema. "Hii sauti tulikuwa hatujaijengea nyumba."

Tukaijengea. Ngongoti akaning'iniza gitaa ukutani, akashika besi. Seremala akaondoa visahani vyote kwenye ngoma zake, vile vya kelele za juu, akatengeneza masanduku ya mbao ngumu, kila sanduku na mlio wake. Nyimbo zenyewe zikabadilika. Mambo ya usiniache, usiniache, tukayaweka kando. Nikaandika juu ya mwili, hospitali, kuamka asubuhi na kukuta mtu mwingine kwenye kioo na kuamua kuishi naye. Albamu tukaiita *Mkwaruzo*.

Jamani, niliipenda albamu ile. Niliipenda kuliko zile mbili ukizijumlisha.

Kampuni iliyokubali kuisambaza ilikuwa na mashaka. Bosi wao, mtu mstaarabu, suti, marashi, kila mtu kwake ni dada na kaka, aliwahi kuniambia: "Dada yangu, kazi ni nzuri. Ila watu watauliza huyu ni nani."

"Wakiuliza waambie," nikamjibu.

Basi ndiyo maana nilipotoka saluni nilikwenda moja kwa moja kwake.

Nilimkuta anacheka peke yake na simu. Aliponiona akasimama, mikono hewani.

"Dada! Mmetuua! Simu hazipumui!"

"Umeifanya nini sauti yangu?"

"Mimi?"

"Mmechukua nyimbo zangu za zamani mkazitia kwenye kompyuta mkatengeneza mtu. Usinizunguke, Bosi. Mashine hizo zipo, watu wanazitumia."

Yule baba akakaa. Akaniangalia kweli kweli, na nikaona kwamba haelewi ninachosema. Akageuza kompyuta yake kunielekea.

"Huu hapa ndio wimbo tuliotumiwa kutoka studio kwenu. Jana. Sisi hatujagusa hata sekunde moja."

Akaubonyeza. Chiriku akaimba.

"Nikasema kumbe dada anatuficha," Bosi akaendelea kwa upole. "Nikafurahi. Sasa sikiliza, mimi sitaki kujua mmefanyaje. Ila albamu yote iwe hivi. Nyimbo zote zirudiwe juu."

"Siwezi."

"Lakini huu hapa umeweza."

"Huyo si mimi!"

Akafuta miwani yake, akaivaa.

"Dada, watu wamempenda huyo. Kama si wewe, mtafuteni alipo mumlete Jumamosi. La sivyo kampuni itajiondoa, na sisemi hivyo kwa ubaya."

Nilitoka pale. Nimeshaelewa kitu kimoja: wimbo umetoka kwetu.

Karakana nilimkuta Seremala anapima mlango. Nikamvuta mkono mpaka chumba cha nyuma. Ngongoti na mdogo wangu walikuwepo tayari, wameusikia redioni, wamekaa kama watu wa msibani.

Seremala akafungua ule wimbo kwenye kompyuta. Mistari ikajipanga kwenye kioo, kila chombo na mstari wake. Akaangalia. Akashika kichwa.

"Mungu wangu. Ya kwako imezimwa."

"Imezimwa vipi?"

"Mstari wako umezimwa. Iliyobaki wazi ni ile ya kuongozea."

Hapo inabidi nieleze tunavyofanya kazi. Ngongoti tangu zamani anatunga kwa masikio ya zamani, tuni zake zote ziko juu. Kwa hiyo tulipokuwa tunarekodi *Mkwaruzo*, mdogo wangu alikuwa anauimba wimbo kwanza kule juu, mimi nausikia kwenye hedifoni, kisha naimba chini yake. Nikishamaliza, ya kwake inazimwa. Haikuwa ya kusikika na mtu. Ni kama mti wa kushikilia ukuta mbichi, ukuta ukikauka unautoa.

Wote tukamgeukia yeye.

"Ndiyo, ni mimi," mdogo wangu akasema, anakunja waya wa maikrofoni. Hakuinua macho.

Seremala alikuwa karibu kulia. "Ni kosa langu. Nilizima ya dada, nikafungua ile ya kuongozea nilinganishe tuni. Halafu akaja yule mteja wa kitanda, ananigombeza mguu mmoja mfupi. Nimerudi nimetuma tu bila kusikiliza tena. Nisameheni jamani."

Mimi nikaanza kucheka. Kwa nafuu. Hakuna mwizi! Nimemwendea mtu mzima ofisini na nywele mbichi kumtukana bure, kumbe ni kitanda! Ngongoti naye akacheka, akagonga kichwa kwenye taa.

Kicheko kikaisha, tukabaki na Jumamosi.

"Mimi naomba niseme kitu," Ngongoti akaanza. "Msinipige."

"Sema."

"Watu wamefurahi. Mimi nimesikia wimbo wangu redioni, nimesimama barabarani nimelia. Je, tukiiacha hivi? Mdogo mtu aimbe kwa nyuma. Wewe usimame mbele. Damu ni ileile, nani atajua?"

"Nisimame mbele nifanye nini? Nitafune hewa?"

"Kwa muda tu."

"Ngongoti, nimekatwa shingo nikabaki hai. Sikubaki hai ili niwe picha ya kwenye kopo."

"Usinitolee maneno makali, nawaza bendi."

"Na mimi ndiyo nawaza bendi! Tumejenga kitu hapa. Huyu kaondoa visahani vyake. Wewe umetundika gitaa. Halafu mtu mmoja mwenye suti akikohoa, tunarudi kuimba za harusi?"

Seremala akasema yuko na mimi. Ngongoti akashusha pumzi ndefu, akasema basi, tutapanda na *Mkwaruzo* yenyewe, lakini mashabiki wakitupiga mayai yeye ndiye atakayelengwa kirahisi, tumfikirie.

Mdogo wangu alimaliza kukunja waya, akauning'iniza, akaaga. Nilimwona, nikadhani amechoka.

Siku zilizofuata hakuja mazoezini. Simu anapokea, anasema ana mafua. Nikamwambia apumzike, anywe vitu vya moto.

Jumamosi asubuhi nikapita kwa Mama kuchukua gauni langu. Mama hapigiwi pasi na mtu, na haamini pasi ya mtu. Nikamkuta ananyoosha pindo, redio iko dirishani, na ule wimbo unapigwa tena. Ulikuwa hauna hata saa ya kupumzika.

Nikajiandaa kumweleza. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Mdogo wako ameimba vizuri sana."

"Mama, umejuaje kama ni yeye? Nchi nzima inasema ni mimi."

Mama akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea wapi.

"Nimewazaa mimi, nitawachanganyaje? Wewe ulikuwa ukifika juu unasukuma. Yeye akifika juu anatulia, anaangalia mandhari." Akageuza gauni. "Tena si alinipigia simu mwenyewe asubuhi ile. Mama, fungua redio, leo utanisikia."

"Asubuhi ipi?"

"Hiyohiyo ulipopigwa mara ya kwanza. Kabla haujapigwa. Nikawasha, nikakaa, nikamsubiri. Kwani kuna nini?"

Kabla haujapigwa.

Nilichukua gauni, nikamshukuru Mama, nikatoka nje nikaegemea ukuta. Seremala wa watu amekuwa akiomba radhi wiki nzima. Ameacha hadi kula. Anamlaani mteja wa kitanda kila akikaa. Na mdogo wangu alikuwa pale anakunja waya.

Hasira niliyokuwa nayo kwa Bosi ilikuwa mchezo wa watoto. Wa kwangu! Wa tumbo moja!

Ukumbini nilifika mapema. Viti vinapangwa, watu wa redio wanavuta nyaya, mashabiki wa mbele wameshaanza kuingia wagombee nafasi. Nikapanda jukwaani. Nyuma kulikuwa na pazia zito jeusi. Nikalifunua.

Nyuma ya pazia kuna stendi ya maikrofoni. Imeshafungwa, taa yake inawaka. Na pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, mdogo wangu.

"Bosi ameiweka," akasema kabla sijauliza. "Kanipigia jana, keshabaini ni mimi. Anataka niimbe kutoka hapa, yako waizime."

"Na wewe umekuja."

"Nimekuja."

"Ulimpigia Mama kabla wimbo haujatoka," nikasema. "Usinidanganye. Nimechoka kudanganywa."

Kule mbele mtu anajaribu spika, moja mbili, moja mbili.

"Seremala alipotoka kugombana na mteja, ya kwako alikuwa ameizima kweli," akasema. "Ila aliporudi aliiwasha. Alikaa, akaisikiliza yote, akatuma nakala nzuri. Mimi ndiye niliyebaki kufunga studio. Nikazima yako, nikafungua yangu, nikatuma nyingine, nikamwandikia Bosi kwamba ile ya kwanza ina kasoro aifute. Seremala kachanganyikiwa tu, mwenyewe anaamini ni yeye."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wanisikie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Tangu hospitali nyumba nzima inalilia sauti yako. Mimi nimekaa nayo kooni, nzima, haina kidonda, naona aibu hata kuimba bafuni. Nikaimba ile ya kuongozea, nikajisikiliza, nikajipenda. Nikasema leo. Wataisikia, watauliza, huyu ni nani?"

Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Dada, hakuna aliyeuliza. Hata mmoja. Nimewaibia wimbo mzima, nimeuimba peke yangu mwanzo mpaka mwisho, na bado wakakushangilia wewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja, maana nilikuwa nasikia uchungu mahali ambapo sikutegemea. Nilikuwa nimeona yule Chiriku ananionea mimi peke yangu. Kumbe alikuwa anamkanyaga huyu mtoto kila siku, na mimi nasoma gazeti nacheka: na yule mwingine, na yule mwingine.

"Seremala utamwambia mwenyewe," nikasema. "Leo. Kwa mdomo wako."

"Nitamwambia."

"Inuka."

"Unanifukuza?"

"Inuka nisaidie, stendi yenyewe ya chuma."

Tukaishika huku na huku, tukaiburuta. Waya ukakwama kwenye pazia, nikauvuta, pazia likachanika kidogo. Tukatokea mbele ya watu tunaburuta stendi kama wanawake wanaohama nyumba. Tukaisimamisha katikati kabisa ya jukwaa, ubavuni mwa ya kwangu.

Bosi akaja mbio, marashi yametangulia.

"Dada! Dada zangu! Tuliongea!"

"Uliongea wewe," mdogo wangu akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anamjibu mtu mzima hivyo. "Mimi nyuma ya pazia sirudi. Ukitaka mtu wa nyuma, kuna viti vitupu, kaa wewe."

Bosi akatazama saa, akatazama watu wa redio, akatazama ukumbi unavyojaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho tusimtafute. Nikamwambia tumesikia.

Muda ukafika. Mtangazaji akatutambulisha, ukumbi ukalipuka: Chiriku! Chiriku! Nikaenda kwenye maikrofoni na sauti yangu ya mjomba.

"Habari zenu."

Kelele zikakatika ghafla. Nikasikia mtu anauliza, "Nani huyo?"

"Huyu ni mimi," nikasema. "Nilipasuliwa shingo, sauti mliyoizoea ikaenda. Wimbo mnaousikia redioni nimeandika mimi. Aliyeuimba ni huyu hapa. Ana jina, mwacheni alitaje."

Mdogo wangu akasogea. Akataja jina lake kamili, la kwake na la baba yetu, taratibu, kama mtu anayejiandikisha shule. Mimi hapa silitaji. Analiandika mwenyewe kwenye mabango yake, mtalikuta huko.

Akaimba. Bila kusukuma. Alifika juu akatulia, kama Mama alivyosema, na mimi niliyesimama naye jukwaa moja miaka yote nikamsikia siku ile. Watu walisimama kwenye viti. Ngongoti alikuwa analia waziwazi, besi mkononi.

Halafu ikawa zamu yangu, wimbo uleule, chini.

Sitawapamba. Watu waliondoka. Niliwaona wanainuka, mmoja akapiga kelele, "Rudisheni pesa, huyo mwanaume atoke!" Nikamwangalia nikaendelea. Seremala akapiga sanduku lake kubwa, sakafu ikatikisika, nami nikaukokota ule mkwaruzo wangu kutoka tumboni, sikuuficha hata kidogo, niliufungulia. Kuna mama mmoja safu ya mbele alikuwa ameweka mkono shingoni kwake. Hakuutoa mpaka nilipomaliza.

Nusu ya ukumbi ilibaki. Iliyobaki ilisimama.

Bosi alifanya kama alivyosema, kampuni ikajiondoa. *Mkwaruzo* tuliitoa wenyewe mtandaoni, bila bango wala redio. Kuna waliotutukana. Kuna mmoja aliandika, "Huyu mama ana mafua?" Nikamjibu: hapana, hii ndiyo afya.

Seremala aliambiwa ukweli nyuma ya jukwaa, papo hapo tuliposhuka. Alikasirika hadi akakaa chini. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi sina kosa?" Akala sahani mbili.

Na mdogo wangu ameondoka bendi.

Watu hudhani tumegombana. Hatujagombana, yaliyokuwa ya kugombana tumeyamaliza kwa kupigiana kelele sebuleni kwa Mama, naye akatutoa nje wote wawili. Ana albamu yake sasa, jina lake peke yake mbele. Kwenye wimbo mmoja nimemwitikia. Lazima uvae hedifoni unisikie, maana aliniambia nisijitokeze sana, na nilimwelewa.

Nilichojifunza nakisema hivi. Watu wakikupenda kwa kitu kimoja, watakuomba ukae nacho mpaka kioze, na watakuomba kwa upendo kabisa, ndiyo maana ni vigumu kukataa. Kataa. Na ukishakataa, geuka uangalie nani alikuwa amesimama nyuma yako muda wote huo anangoja upishe.

Nyinyi mnaoniandikia kila siku kuniuliza nitarudi lini, sikwenda popote. Nimeshuka tu. Anayetaka kunisikia naye ashuke.